Hifadhi ya Amani Wakati wa Mvua: Msitu wa Usambara Mashariki na Mto Unaoinywesha Tanga

Wananchi wengi wanaopanga kutembelea vivutio vya asili nchini huchagua miezi ya kiangazi, na mara nyingi huo ndio ushauri wanaopewa. Kwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyopo katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, ushauri huo una ukweli nusu. Ni kweli kwamba barabara ya kupanda mlimani huwa ngumu wakati wa masika na kwamba njia za miguu huteleza. Hata hivyo, msitu huu ni zao la mvua, na mtu anayeufika siku ya jua kali huondoka ameona miti mikubwa tu, bila kuona kazi ambayo miti hiyo inaifanya.

Kazi yenyewe inawahusu watu wengi ambao hawajawahi kukanyaga Amani. Mto Zigi, ambao katika baadhi ya ramani na nyaraka huandikwa Sigi, huanzia katika misitu hii, hukusanya vijito vya milimani, huungana na Mto Kihuhwi na kujaza Bwawa la Mabayani, ambalo ndilo chanzo kikuu cha maji ya Jiji la Tanga. Baada ya hapo mto humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Mkazi wa Ngamiani au Chumbageni anayefungua bomba asubuhi anatumia maji ambayo, kwa sehemu kubwa, yalianguka kama mvua juu ya majani ya Usambara Mashariki.

Hifadhi ya Amani ilitangazwa rasmi mwaka 1997, na ndiyo ya kwanza nchini kupewa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia. Ina ukubwa wa takriban hekta 8,380 na inasambaa katika Wilaya za Muheza na Korogwe, kuanzia uwanda wa chini wenye kimo cha mita 190 hivi kutoka usawa wa bahari hadi vilele vinavyozidi mita 1,100. Kwa sasa inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mwaka 2000 eneo pana la Usambara Mashariki, ambalo Amani ni sehemu yake, liliingizwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) katika mtandao wa hifadhi hai za dunia.

Kutoka Muheza hadi Zigi

Safari ya kawaida huanzia mjini Muheza, mji unaofahamika zaidi kwa machungwa yake. Kutoka hapo hadi Amani ni takriban kilomita 35. Nusu ya kwanza na zaidi hupita katika uwanda wenye mashamba ya michungwa, minazi na mihogo, na katika siku ya mvua wingu huonekana kutoka mbali likiwa limeketi juu ya milima huku Muheza kwenyewe kukiwa bado kukavu.

Sababu yake ni ya kijiografia. Milima ya Usambara Mashariki ndiyo kizuizi cha kwanza kirefu ambacho upepo kutoka Bahari ya Hindi hukutana nacho unapoingia bara katika eneo hili. Hewa yenye unyevu husukumwa juu, hupoa, na unyevu wake hugeuka kuwa ukungu na mvua. Ndiyo maana Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua hizo hugawanyika katika misimu miwili mikubwa, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, bila kuwa na mwezi hata mmoja ulio mkavu kabisa. Wanasayansi wanaamini kwamba hali hii ya unyevu wa kudumu ndiyo iliyoiwezesha misitu ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, kuendelea kuwapo katika vipindi vya kale ambapo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikauka. Viumbe waliobaki humo walitenganishwa na jamaa zao, na wengi wao leo hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Lango la chini la hifadhi lipo Zigi, kando ya mto. Nyumba ya kituo cha taarifa iliyopo hapo ina historia yake: ilikuwa makazi ya mkuu wa stesheni. Wakati wa utawala wa Wajerumani ilijengwa reli nyembamba kutoka Tengeni, kwenye njia kuu ya reli ya Tanga, hadi Zigi, kwa lengo kuu la kushusha magogo kutoka mlimani. Treni haipo tena, reli iling'olewa zamani, na nyumba iliyokuwa mahali pa kupakia msitu ili upelekwe pwani sasa ni mahali pa kulipia kibali cha kuingia kuutazama. Hapo ndipo mgeni huandikishwa, hupewa mwongoza watalii, ambaye kwa kawaida ni mwenyeji wa vijiji vya jirani, na kuelezwa ni njia zipi zinapitika siku hiyo.

Maelezo hayo ya mwisho yanastahili kusikilizwa kwa makini kuliko yote.

Mvua ndani ya msitu

Mvua ya msituni husikika kabla haijamfikia mtu. Matone huanza kupiga paa la majani lililo juu sana, na kwa dakika kadhaa anayetembea chini husikia mvumo kama wa upepo bila kulowa. Kisha maji huanza kushuka kwa njia tatu: mengine hudondoka kutoka jani hadi jani, mengine huteremka kwenye shina kama mfereji mwembamba, na mengine hubaki juu kwenye kuvu, mwani na mimea inayoota juu ya matawi, ambako hukaa hadi yakauke au yadondoke polepole saa nyingi baadaye. Ndiyo sababu msitu huendelea kunyesha hata baada ya mvua kukatika.

Yanapofika chini, maji hayakutani na udongo mtupu. Hukutana kwanza na tabaka la majani yaliyooza, mizizi myembamba na mashimo yaliyochimbwa na mchwa, minyoo na wadudu wengine. Tabaka hilo hunywa maji na kuyaachia kidogo kidogo kuelekea kwenye miamba na chemchemi. Kwa hiyo kijito kinachotoka katika msitu uliofunga hupanda taratibu wakati wa mvua, hushuka taratibu baada yake, na hakikauki kwa urahisi mwezi Februari. Pale ambapo msitu umefyekwa, tone la mvua huipiga ardhi moja kwa moja, hutawanya chembe za udongo, na maji hukimbia juu ya ardhi yakiubeba udongo huo hadi mtoni. Kijito cha namna hiyo hujaa ghafla na hupungua ghafla.

Tofauti hii haihitaji vipimo vya maabara ili ionekane. Katika siku ya mvua kubwa, mtu anayesimama mahali ambapo vijito viwili vinaungana anaweza kuona kimoja kikiwa na maji yanayopenyeza macho hadi kwenye mawe ya chini, na kingine kikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwa mita kadhaa maji hayo hutiririka ubavu kwa ubavu kabla hayajachanganyika. Waongoza watalii wa Amani hupenda kuwasimamisha wageni mahali kama hapo, na pengine hakuna somo la hifadhi ya vyanzo vya maji linaloeleweka haraka zaidi ya hilo.

Wakati huohuo msitu hubadili sura ya wakazi wake. Mbega weupe na weusi, ambao siku ya jua huruka juu ya miti kwa kelele, hujikunyata kwenye panda za matawi na manyoya yao marefu huonekana kama mashuka yaliyoanikwa. Hondohondo hunyamaza. Chini, mambo huwa kinyume: konokono, majongoo na kaa hutoka. Usambara Mashariki kuna kaa wa maji baridi anayeishi katika matundu ya miti yaliyojaa maji ya mvua, mbali na mto wowote. Wanasayansi walimpa jina la kitaalamu la Potamonautes raybouldi mwaka 2004. Wakazi wa milima hii walimfahamu kabla ya hapo, kwa kuwa si kiumbe wa kujificha sana kwa mtu anayepita msituni kila siku.

Vyura ndio wenye siku hiyo. Mmoja wao, Nectophrynoides tornieri, hatagi mayai majini kama vyura wengine. Huzaa watoto walio tayari vyura wadogo, jambo ambalo ni la nadra sana duniani na ambalo linapatikana kwa kiasi kikubwa katika milima ya Tanzania. Kwa chura wa namna hiyo dimbwi si la lazima, lakini unyevu wa majani ni wa lazima, na kipande cha msitu kilichofunguliwa na jua kuingia hadi chini hakimfai hata kama miti michache imebaki. Vinyonga nao, akiwamo yule mwenye pembe tatu ambaye jina lake la kitaalamu, Trioceros deremensis, limetokana na Derema iliyopo katika milima hiihii, huonekana vizuri zaidi usiku baada ya mvua, wakiwa wamelala kwenye ncha za matawi na ngozi zao zikiwa zimepauka katika mwanga wa tochi. Matembezi ya usiku hufanyika kwa ruhusa na pamoja na mwongozaji tu.

Kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito huota ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya laini. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani mkoani Tanga, alituma ua hilo kwa baba yake nchini Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia ionantha. Leo vizazi vyake huuzwa katika vyungu madukani kote Ulaya na Marekani, na Wajerumani bado huliita kwa jina la Usambara. Katika makazi yake ya asili limekuwa adimu, na kuling'oa ni kosa. Kulipiga picha hakumgharimu mtu chochote.

Bustani na maabara ya karne iliyopita

Kutoka Zigi barabara hupanda kwa kona nyingi hadi Amani yenyewe, na hapa ndipo siku ya mvua humpima dereva. Magari madogo yasiyo na nguvu katika magurudumu yote hayashauriwi. Wageni wengi huegesha Zigi na kuendelea kwa miguu, jambo ambalo huchukua muda lakini huonyesha jinsi msitu unavyobadilika kadiri kimo kinavyoongezeka.

Juu, ukungu ukipisha, huonekana majengo ya zamani na miti isiyo ya kawaida nchini. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Ujerumani ilianzisha hapa taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo pamoja na bustani kubwa ya mimea. Mimea ya biashara kutoka Asia, Amerika na sehemu nyingine za Afrika ilipandwa ili kujaribiwa: mipira, mikafuri, midalasini, mikwinini na mingine mingi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani yalipokatiwa njia ya bahari, dawa ya kwinini ilitengenezwa hapa kutokana na magome ya mikwinini ya bustani hiyo. Baada ya vita Waingereza walikifanya kituo hicho kuwa cha utafiti wa kilimo kwa Afrika Mashariki.

Ni katika kipindi hicho cha pili ambapo Amani ilitoa kitu ambacho hadi leo kinaliwa. Katika miaka ya 1930 watafiti wa kituo, wakiongozwa na H. H. Storey na baadaye R. F. W. Nichols, walianza kuuchanganya muhogo wa kawaida na jamaa yake wa porini ili kupata mbegu zinazovumilia ugonjwa wa batobato, uliokuwa ukiangamiza mashamba. Mbegu bora za muhogo zilizozalishwa baadaye katika nchi mbalimbali za Afrika zina chimbuko lake katika kazi hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili shughuli za kilimo zilihamishiwa Kenya na majengo ya Amani yakakabidhiwa kwa watafiti wa malaria. Urithi huo upo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ambayo kituo chake cha Amani kwa sasa huendesha kazi zake zaidi kutokea Muheza.

Bustani hiyo iliacha pia tatizo. Mojawapo ya miti iliyoletwa mwanzoni mwa karne ya 20, Maesopsis eminii, ambao kwao ni maeneo ya magharibi yanayozunguka Ziwa Victoria na Bonde la Kongo, uliikubali ardhi ya Usambara kupita ilivyotarajiwa. Hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu. Pale ambapo ukataji wa mbao kwa mashine, ulioendelea hadi miaka ya 1980, ulifungua nafasi msituni, mti huo ulikuwa wa kwanza kuota. Kwa macho ya mgeni ni mti mzuri, mnyoofu na wa kijani. Kwa mhifadhi ni msitu uliobadilishwa, kwa kuwa chini yake udongo na viumbe si vilevile.

Mita 60

Msitu wa Amani haupo peke yake mlimani. Umezungukwa na vijiji, na kati yake na misitu mingine ya hifadhi kuna mashamba makubwa ya chai ya Kwamkoro na Bulwa pamoja na mashamba ya wananchi yenye iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na migomba. Iliki ndiyo yenye historia ngumu zaidi. Hustawi kivulini, kwa hiyo mkulima huacha miti mikubwa na kufyeka miche na vichaka vya chini. Kutoka mbali shamba la iliki huonekana kama msitu, lakini ni msitu usio na watoto. Miti mikubwa inapozeeka na kuanguka hakuna ya kuirithi. Katika eneo la Derema, linalounganisha vipande vya msitu, wakulima walilipwa fidia ya mazao yao ili ukanda huo uhifadhiwe, na zoezi hilo lilichukua miaka mingi na malalamiko mengi kabla ya kukamilika.

Suala linalogusa kaya nyingi zaidi kwa sasa ni la kingo za mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari. Katika uwanda mpana mita 60 ni hatua chache. Katika bonde jembamba la mlimani, ambapo ardhi tambarare na yenye rutuba ipo kando ya maji tu, mita 60 kila upande zinaweza kulimeza shamba zima la familia. Mkulima anayeambiwa aache kulima hapo anaombwa, kwa lugha ya wazi, agharimie maji ya mtu wa mjini.

Hoja hiyo imetambuliwa, angalau kwa sehemu. Wakulima wa vijiji vya bonde hilo waliunda Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi-Zigi (UWAMAKIZI), ambao wanachama wake huchimba makinga maji, hupanda miti na majani ya malisho kwenye miteremko na kuacha kingo za mto zipumzike, wakishirikiana na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga (Tanga UWASA) na Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Mamlaka ina sababu ya kifedha ya kushirikiana nao. Maji yenye tope huhitaji dawa nyingi zaidi za kuyasafisha, huziba machujio, na tope linalotua Mabayani hupunguza nafasi ya kuhifadhi maji. Mwezi Februari 2024 Tanga UWASA ilizindua hatifungani ya kijani yenye thamani ya Shilingi bilioni 53.12 na muda wa miaka 10 kwa ajili ya kupanua na kuboresha miundombinu ya maji. Aliyenunua hatifungani hiyo, awe mfuko mkubwa au mwananchi mmoja mmoja, amewekeza pia katika makinga maji ya mkulima wa Kihuhwi, hata kama karatasi yake haisemi hivyo.

Njia nyingine za kipato zimejaribiwa. Ukusanyaji wa mbegu za msambu, mti wa asili ambao mbegu zake hutoa mafuta, huwapa wanavijiji fedha kutokana na mti uliosimama. Ufugaji wa vipepeo ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliziwezesha kaya, nyingi zikiwa za wanawake, kuuza mabuu yaliyojifunga kwa maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Marufuku ya kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi iliyotangazwa mwaka 2016 kwa lengo la kudhibiti utoroshaji wa wanyama iliwagusa na wafugaji hao, ambao vipepeo wao walipandwa vizimbani na hawakutolewa porini. Ni mfano unaotajwa mara kwa mara mlimani pale inapozungumzwa namna sera nzuri inavyoweza kumpata asiyekusudiwa.

Na kulikuwa na dhahabu. Kuelekea mwisho wa mwaka 2003 na katika mwaka 2004 wachimbaji wengi walimiminika katika eneo la Sakale, kwenye chanzo cha mito hii, wakafukua vitanda na kingo za vijito. Walioondolewa waliacha mashimo na maji machafu, na kwa miaka iliyofuata doria zimelazimika kurudi msituni kila uvumi mpya unapoenea.

Kwa anayetaka kwenda

Ziara ya siku ya mvua haina hatari kubwa kwa mtu aliyejiandaa, lakini ina hatari halisi kwa asiyejiandaa. Kubwa kuliko zote ni kijito kinachovukwa kwa miguu. Mvua inaweza kunyesha juu Amani wakati Zigi hakuna tone, na kijito kilichovukwa asubuhi kwa kuruka mawe matatu kikawa na maji ya kiunoni saa tisa alasiri. Maji yanayofika magotini na yenye kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima. Kanuni inayofuatwa na waongozaji ni kwamba kijito kikipanda na kubadilika rangi hakivukwi. Watu husubiri, na kwa kawaida, pale ambapo msitu upo juu yake, hawasubiri sana. Dereva naye hapaswi kuingia katika maji yanayopita juu ya barabara, hata kama gari lililotangulia limepita salama.

Miteremko iliyokatwa kando ya barabara ya kupanda mlimani inaweza kuteremsha udongo baada ya mvua za siku kadhaa mfululizo. Maporomoko ya tope yaliyoukumba mji mdogo wa Katesh chini ya Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 yalionyesha kwa uchungu kwamba udongo ulioshiba maji hautoi muda wa kufikiri. Kwa sababu hiyo anayepanga safari anatakiwa kufuatilia utabiri na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kwa Mkoa wa Tanga, na kuahirisha safari pale tahadhari ya mvua kubwa inapotolewa. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Hata hivyo mtandao wa simu hukatika katika mabonde, na mtu hapaswi kuitegemea simu badala ya mwongozaji.

Mavazi yanayofaa ni koti la mvua, suruali ndefu na gambuti au viatu vya kamba vyenye kucha. Mwavuli haufai, hunaswa na matawi na kuishika mikono inayohitajika kwenye utelezi. Suruali huchomekwa ndani ya soksi, kwa kuwa mvua huwatoa siafu katika mashimo na misafara yao hukatiza njia. Akiwakuta, mtu huvuka kwa hatua ndefu na za haraka, bila kusimama kuwatazama. Simu na kamera hufungwa katika mfuko wa plastiki mgumu unaoruhusiwa. Chandarua na dawa ya mbu vinahitajika kwa anayelala Muheza au Zigi; juu Amani mbu ni wachache zaidi kwa sababu ya baridi, ingawa si sababu ya kuacha tahadhari.

Malazi yapo Zigi na Amani katika nyumba za wageni za hifadhi, na chakula huagizwa mapema kwa kuwa vitu vingi hupandishwa kutoka Muheza. Kibali cha kuingia hulipiwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, na viwango vya raia wa Tanzania ni tofauti na vya wageni kutoka nje. Makundi ya wanafunzi hutakiwa kuwasilisha barua ya shule au chuo kwa mhifadhi kabla ya kufika.

Anayetaka kuona vyura na vinyonga aende wakati wa vuli, ambapo mvua huja kwa vipindi na barabara bado inabeba. Anayetaka kuuona mto ukiwa umejaa aende kuelekea mwisho wa masika, akae Zigi na asipande bila kuuliza. Mwenye watoto wadogo au wazee asubiri Januari au Februari. Mvua ya jioni moja au mbili ataikuta hata hapo.